Geji ya joto ya Land Rover Series III inapanda hadi kwenye nyekundu ilhali injini ni vuguvugu tu

Mtu_wa_Mtwapa aliuliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu, na shikamooni wazee wangu mnaotunza magari ya zamani.

Nina Land Rover Series III ya petroli, injini ya lita 2.25, niliyoachiwa na marehemu baba, na ndiyo ninayoitumia kwenda na kurudi kati ya Mtwapa na mjini. Tangu mvua ya masika ilipokatika, geji ya joto imekuwa ikinitia wasiwasi. Nikiwasha gari asubuhi mshale huanza kupanda polepole, na sijafika mbali huwa umekwisha kuingia kwenye nyekundu. Nikisimama kando na kufungua boneti sioni mvuke, sisikii maji yakitokota, na mpira wa juu wa redieta naweza kuushika kwa kiganja bila kuungua. Nikiendelea na safari hadi Daraja la Nyali, mshale hubaki pale pale kwenye nyekundu, na gari huvuta vizuri kama kawaida yake.

Fundi wa kwanza niliyemwonyesha alisema kwamba gasketi ya hedi imekwisha, hivyo hedi ifunguliwe na kupelekwa kusawazishwa. Wa pili aliniambia nisiitazame kabisa geji hiyo, kwa kuwa geji za magari haya zote huharibika na watu huyaendesha hivyo hivyo. Sikuridhika na jawabu lolote kati ya hayo mawili. Kufungua hedi ya injini ya umri huo bila uhakika ni kujitafutia kazi juu ya kazi, maana bolti zilizoshika kutu hukatika. Na kukaa kwenye foleni ya Kongowea katika jua la Februari bila kujua injini ina joto kiasi gani ni kuiweka rehani injini ambayo spea zake hazipatikani kila duka.

Sensa ya joto nimekwisha kuibadilisha, na sikuona tofauti. Maji ya redieta hayapungui, oili haijageuka rangi ya maziwa, na moshi wa ekzosi hauna weupe. Geji ya petroli nayo inaonyesha kwamba tangi limejaa hata pale ninapojua kwamba limebaki nusu, lakini hiyo nimepanga kuitengeneza baadaye. Shida yangu kwa sasa ni joto. Naomba mwenye ujuzi anielekeze pa kuanzia.

Fundi_Waya_Changamwe alijibu:

Wa alaykum salaam, ndugu wa Mtwapa. Usiiahirishe geji ya petroli, kwa sababu ndiyo inayotuonyesha ugonjwa wa geji ya joto. Geji mbili zinapokosea kwa pamoja, tena zote kwa kupanda, kosa haliwezi kuwa kwenye sensa ya joto peke yake wala kwenye boya la tangi peke yake. Ni lazima liwe mahali ambapo geji hizo mbili zinakutana, na katika Series III zinakutana kwenye kidude kimoja kidogo kilicho nyuma ya dashibodi, ambacho mafundi wengi waliofunzwa kwa magari ya kisasa hawajapata kukiona: stebilaiza ya volti.

Naeleza kazi yake kwa urefu kidogo, kwa sababu ukiielewa hutahitaji kubahatisha. Umeme wa gari hautulii mahali pamoja. Betri peke yake ina volti 12 na kitu, lakini oltaneta ikichaji hufika karibu 14. Geji za Smiths zilizomo kwenye gari lako hufanya kazi kwa joto: ndani yake kuna ukanda wa metali mbili zilizoshikanishwa, na juu ya ukanda huo umezungushwa waya mwembamba. Umeme ukipita, waya hupata moto, ukanda hupinda, na mshale husogea. Ndiyo sababu mshale wa gari lako hupanda taratibu unapofungua swichi, wala hauruki kwa ghafla. Kama geji hizo zingepewa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, zingeonyesha tangi likijaa kila unapokanyaga mafuta na likipungua kila unapoachia. Kwa hiyo watengenezaji waliweka stebilaiza, ambayo kazi yake ni kuzipa geji zote mbili wastani wa volti 10, oltaneta ichaji isichaji.

Stebilaiza yenyewe nayo ina ukanda wa metali mbili na waya wake wa moto. Umeme ukiingia, ukanda hupata moto, hupinda na kukata mawasiliano. Ukipoa hunyooka na kuyaunganisha tena. Na huendelea hivyo bila kukoma, hata wastani wa kinachotoka ukawa volti 10. Lakini waya huo wa moto hauna njia nyingine ya kurudisha umeme isipokuwa kupitia kopo la stebilaiza lenyewe, linaloshikana na bodi ya gari. Kutu ikiingia hapo, athi, yaani njia hiyo ya umeme kurudi, hupotea, waya haupati moto, ukanda haupindi, mawasiliano hayakatiki kamwe, na geji hupokea volti zote za gari. Kutoka volti 10 hadi 14 inaonekana kuwa ni tofauti ndogo, lakini moto wa waya huongezeka kwa mraba wa volti, kwa hiyo unakaribia kuwa mara mbili. Angalia sasa ulivyotuambia: tangi nusu linaonekana tangi zima. Ni mara mbili kamili. Kwa msingi huo huo, injini ambayo ingestahili kuuweka mshale chini ya katikati itauweka kwenye nyekundu.

Hapa kwetu Pwani jambo hili si la ajabu. Land Rover ina bodi ya aluminiamu iliyofungwa juu ya vyuma, na hewa yetu ina chumvi. Pale metali hizo mbili zinapogusana kutu huanza mapema, nayo hupenya chini ya kila skrubu ya athi. Nimekwisha kuona magari yakifunguliwa hedi kwa sababu ya skrubu moja ya namna hiyo.

Kupima ni rahisi. Toa kwanza waya wa betri, legeza skrubu za paneli ya geji uivute mbele, kisha rudisha betri. Utaiona stebilaiza, kopo dogo la chuma lenye ncha zilizoandikwa B, ambako umeme huingia, na I, unakotoka kwenda kwenye geji. Chukua taa ya kupimia, ncha moja uishike kwenye athi safi na nyingine kwenye I, kisha fungua swichi. Taa itawaka mfululizo kwa muda mfupi mwanzoni, halafu inatakiwa ianze kuwaka na kuzimika. Ikiendelea kuwaka bila kuzimika hata kidogo, stebilaiza haikati. Ikikataa kuwaka kabisa, mawasiliano ya ndani yameungua, na hapo geji zote mbili zingekuwa zimelala chini, jambo ambalo si tatizo lako. Mita ya dijitali haifai sana kwa kipimo hiki, kwa kuwa tarakimu zitarukaruka kati ya sifuri na 12 na hutaambulia kitu. Taa au mita ya mshale ni bora.

Kabla ya kununua kitu chochote, ongeza waya wa muda kutoka kwenye kopo la stebilaiza hadi kwenye ncha hasi ya betri. Taa ikianza kumetameta, dawa yako ni msasa na skrubu mpya. Isipoanza, stebilaiza imekufa na itabadilishwa. Ukifunga ya asili, tazama kama imeandikwa TOP, na sehemu hiyo ielekee juu, kwa sababu inafanya kazi kwa joto na ikilala vibaya kipimo chake hubadilika.

Swali moja: ulipobadilisha sensa, uliizungushia tepu nyeupe ya mafundi wa bomba? Sensa hupata athi yake kupitia meno ya nati, na tepu hiyo inaweza kuizuia. Tepu haiwezi kusababisha mshale kupanda, bali huushusha, lakini ukimaliza kurekebisha stebilaiza inaweza kukuletea uongo wa upande wa pili.

Mzee_wa_Tudor alijibu:

Marahaba, kijana wangu. Fundi Waya amesema kweli, nami sina la kupunguza katika maelezo yake. Naongeza jambo ambalo naliona ni la kwanza kabla ya taa na msasa: pima joto halisi la maji. Kushika mpira kwa kiganja si kipimo. Kuna hali moja ambayo geji na mkono vyote viwili hudanganya, nayo ni maji yanapopungua. Sensa imetengenezwa ikae ndani ya maji. Maji yakishuka chini yake hubaki katika hewa na mvuke, na huenda ikaonyesha baridi wakati hedi inaungua. Mpira wa juu nao hubaki baridi kwa kuwa hakuna maji ya moto yanayopita ndani yake. Umesema maji hayapungui, alhamdulillah, lakini hakikisha kwa macho kila asubuhi gari likiwa limepoa, mpaka shida hii iishe.

Ili kupima, asubuhi injini ikiwa baridi kabisa fungua kifuniko cha redieta, tumbukiza kipimajoto cha jikoni mdomoni pake, washa injini, na uiache ingurume huku ukiangalia. Kifuniko kifunguliwe kabla ya kuwasha tu. Mfumo uliofungwa una shinikizo, na kifuniko cha pauni 9 kwa inchi mraba hupandisha kiwango cha kuchemka hadi zaidi ya digrii 110. Ukikifungua kikiwa cha moto, maji yale hugeuka mvuke kwa ghafla na kukurukia usoni. Ukiwa na kile kipimajoto cha mionzi kinacholengwa kama tochi, kitumie pia, lakini usikilenge kwenye chuma kinachong'aa, kwa sababu kitasoma chini kuliko hali halisi. Bandika kipande cha tepu nyeusi karibu na nyumba ya thamostati, ile vali inayofunguka kwa joto ili maji yaende kwenye redieta, ulenge hapo.

Sensa nayo unaweza kuijaribu juu ya jiko. Itumbukize sehemu ya chini ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, unganisha mita ya omu, yaani ya kupima ukinzani wa umeme, kati ya ncha yake na mwili wake, na upashe maji moto. Omu zinatakiwa zipungue kwa utaratibu kadiri joto linavyopanda, bila kuruka na bila kusimama. Sisi wa Mombasa tuna neema moja hapa: tuko usawa wa bahari, hivyo maji yakitokota ni digrii 100 bila shaka yoyote, na unaweza kukithibitisha hata kipimajoto chenyewe. Ndugu zetu wa Nairobi maji yao hutokota kwenye digrii 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, na asiyelijua hilo atadhani kipimajoto chake ni kibovu.

Pia nakuomba unieleze ni maji gani unayoweka. Visima vingi vya huku kwetu vina chumvi. Maji hayo yakizoea kuingia kwenye redieta huacha ukoko ndani ya mirija na hula aluminiamu na shaba, hata mwisho ukapata joto la kweli ambalo geji italisema kwa haki.

Mtu_wa_Mtwapa alijibu:

Shukrani nyingi, Fundi Waya, na shukrani kwako Mzee wangu. Nimefuata maelekezo yenu yote mawili.

Taa ya kupimia iliwaka kwenye I bila kuzimika. Nilipounganisha waya wa muda kutoka kwenye kopo la stebilaiza hadi betri, baada ya muda mfupi ilianza kuwaka na kuzimika kama ilivyoelezwa, na nikiwa bado nimeshika waya huo niliuona mshale wa petroli ukishuka taratibu kutoka juu hadi karibu na katikati. Nimefungua skrubu inayoshika stebilaiza. Chini yake kulikuwa na unga mweupe na kutu ya rangi ya udongo. Nimepiga msasa hadi chuma kikang'aa, nimeweka skrubu mpya na kupaka mafuta ya mgando juu yake. Sensa haikufungwa kwa tepu. Geji ya petroli sasa inasema kweli.

Lakini geji ya joto imehamia upande mwingine. Sasa mshale hauinuki zaidi ya robo ya kwanza hata nikitoka nyumbani hadi mjini. Nilipima kwa kipimajoto kama Mzee alivyoeleza, na maji ya redieta hayakufika digrii 65 ijapokuwa injini ilinguruma muda mrefu. Kwa hiyo naona geji safari hii haisemi uongo: injini kweli ni baridi. Nilifungua nyumba ya thamostati na kukuta ndani ni patupu, thamostati haimo. Sijui iliondolewa lini. Je, niirudishe? Kila ninayemuuliza huku ananiambia kwamba gari la Pwani halihitaji thamostati. Kuhusu maji, baba alikuwa akitumia ya kisima, nami nimekuwa nikifuata desturi hiyo hiyo.

Dereva_wa_Mazeras alijibu:

Ndugu yangu, mimi ni mmoja wa wanaosema hivyo, na nitaeleza sababu ili isionekane kwamba ni mazoea matupu. Thamostati ikiharibika ikiwa imefungwa, maji hayaendi kwenye redieta, na injini inaweza kuungua kabla hujafika Miritini. Isipokuwepo, hatari hiyo haipo. Huku kwetu hakuna asubuhi ya baridi ya kuifanya injini ichelewe kupata moto, na kwenye kilima cha Mazeras gari lililobeba mzigo linahitaji maji yapite kwa wingi bila kizuizi. Hiyo ndiyo hoja, na si dhaifu.

Mzee_wa_Tudor alijibu:

Ndugu wa Mazeras, hoja yako naiheshimu, kwa kuwa ni kweli kwamba thamostati iliyokwama ikiwa imefungwa huua injini. Hata hivyo sikubaliani na dawa yake. Thamostati haikuwekwa kwa ajili ya nchi za baridi peke yake. Imewekwa ili injini ifanye kazi katika joto ambalo vipimo vyake vya ndani vilikusudiwa. Injini ya petroli inayokimbia kwenye digrii 60 huchoma mafuta mengi zaidi, petroli isiyoungua vizuri huosha oili kwenye kuta za silinda, na unyevu unaotokana na mwako hauvukizwi, bali hubaki kwenye oili na kuifanya kuwa tope. Ringi na silinda huisha kimyakimya, na mwenye gari hulaumu oili.

Tena katika injini hii ya lita 2.25 kuna mpira mfupi unaorudisha maji kutoka nyumba ya thamostati hadi kwenye pampu bila kupitia redieta. Thamostati isipokuwepo, sehemu ya maji huzunguka kwa njia hiyo ya mkato wakati wote na kurudi kwenye injini yakiwa hayajapozwa. Kwenye barabara tambarare utaona baridi. Kwenye mlima mrefu na mzigo, hayo maji ya njia ya mkato ndiyo yatakayokukosesha.

Hesabu nayo inasema hivi. Redieta hutoa joto kulingana na tofauti kati ya maji na hewa. Maji yakiwa digrii 82, mahali penye hewa ya digrii 20 tofauti ni 62. Mombasa mwezi wa Machi, hewa ikiwa 33, tofauti ni 49. Tumepoteza karibu sehemu moja katika tano ya nguvu ya redieta. Hilo ndilo tatizo halisi la Pwani, na linatibiwa kwa redieta safi, mkanda wa feni uliokazwa sawasawa, kifuniko kinachoshika shinikizo, na maji yasiyo na chumvi. Kuondoa thamostati hakuongezi hata mrija mmoja wa redieta.

Hofu ya kukwama ina tiba yake. Nunua thamostati ya digrii 82, namba hiyo hugongwa kwenye chuma chake, na uijaribu kwenye sufuria kabla ya kuifunga: ianze kufunguka karibu na namba iliyoandikwa, na iwe wazi kabisa baada ya digrii kumi na kidogo zaidi ya hapo. Inayochelewa irudishe dukani. Nawe sasa una geji inayosema kweli, ambayo itakuonya mapema ikikwama, na hiyo ndiyo faida ya kazi yote uliyoifanya.

Kuhusu maji ya kisima, kijana wangu, yaache. Mwaga yote, suuza mfumo hadi yatoke meupe, ujaze maji yaliyosafishwa pamoja na kuulanti yenye kinga ya kutu. Desturi ya marehemu baba ilikuwa ya wakati ambao kuulanti haikupatikana kwa urahisi.

Shabiki_wa_Saketi_Likoni alijibu:

Nimesoma mjadala huu kwa makini, nami nina nyongeza kwa yeyote ambaye stebilaiza yake imekufa kabisa. Ya asili ikikosekana, kuna kipande cha elektroniki kinachoitwa 7810, chenye miguu mitatu, ambacho hutoa volti 10 zilizotulia bila kuwaka na kuzima. Ukikitazama uso wenye maandishi huku miguu ikiwa chini, wa kushoto ni wa kuingiza umeme, wa kati ni athi, na wa kulia ni wa kutoa. Bamba lake la chuma limeungana na mguu wa kati, kwa hiyo ukilifunga kwa skrubu kwenye bodi linapata athi na kupoza joto kwa wakati mmoja. Wengine hulitumbua lile kopo la zamani, wakakiweka ndani yake ili dashibodi ibaki na sura yake.

Mambo mawili ya kuangaliwa. Kipande hiki huhitaji volti mbili hivi zaidi ya zile kinachozitoa, kwa hiyo injini ikiwa imezimwa na betri imechoka, geji zitasoma chini kidogo. Ukiwasha injini zitakuwa sahihi. Na kinafaa tu kwa gari lenye athi hasi, kama Series III. Magari ya zamani zaidi yenye athi chanya hayakikubali.

Fundi_Waya_Changamwe alijibu:

Maelezo mazuri, ndugu wa Likoni. Kwa mwenye gari: yako ya asili inafanya kazi, haina sababu ya kuondolewa. Naongeza onyo kwa watakaosoma baadaye, kwa sababu nimeona mtindo huu gereji nyingi. Ukitaka kujua kama geji ni nzima, huchomoa waya wa kijani wenye mstari wa buluu kwenye sensa: mshale unatakiwa ulale kwenye baridi. Usipolala, waya umechubuka mahali fulani na kugusa bodi, mara nyingi pale unapopita kwenye tundu la ukuta wa injini. Halafu fundi huugusisha waya huo kwenye chuma ili kuona mshale ukipanda. Kipimo hicho ni sahihi, lakini kiwe cha muda mfupi sana, na waya utolewe mara tu mshale unapoanza kusogea. Ukiuacha, waya mwembamba ulio ndani ya geji huungua, hasa kama stebilaiza haikati, na gari lililokuja na ugonjwa wa skrubu huondoka likihitaji geji.

Mtu_wa_Mtwapa alijibu:

Nimefunga thamostati ya digrii 82 baada ya kuijaribu kwenye sufuria. Ilianza kufunguka kipimajoto kilipokaribia 83. Nimesuuza mfumo, na maji yaliyotoka mwanzoni yalikuwa na rangi ya kutu na chembe nyeupe nyingi, ikabidi nirudie mpaka yakawa safi. Kuulanti imewekwa.

Nilipeleka gari kutoka Changamwe hadi Mazeras wakati wa mchana, jua likiwa kali. Kwenye tambarare mshale ulikaa chini kidogo ya katikati. Kwenye kilima ulipanda ukapita katikati kwa upana wa mshale wenyewe, na tulipofika juu ukarudi. Nimebandika tepu nyeusi karibu na nyumba ya thamostati na kulenga kipimajoto cha mionzi. Kwenye tambarare kilisoma 84. Nimeweka alama ndogo ya kalamu pembeni ya kioo cha geji mahali mshale ulipokuwa wakati huo, ili yeyote atakayeliendesha gari hili ajue pale ndipo pake. Ndugu wa Mazeras, nilikuwa na watu wanne na mzigo nyuma, na gari halikulalamika.

Fundi Waya, nimebakiwa na swali dogo. Ule waya wa muda nilioutumia kupimia, ningependa kuuacha wa kudumu kutoka kwenye stebilaiza hadi kwenye athi ya betri, ili kutu ikirudi kwenye skrubu isilete tena shida hii. Je, inafaa, na uwe waya wa unene gani?

Fundi_Waya_Changamwe alijibu:

Inafaa, na ningekushauri hivyo hata usingeuliza. Geji hizi hutumia umeme kidogo sana, kwa hiyo waya wa milimita mraba 1.5 unatosha na kuzidi. Chagua rangi nyeusi, kwa kuwa ndiyo rangi ya athi katika nyaya za gari hili na atakayelifungua baadaye hatachanganyikiwa. Ncha zake zibanwe kwa vibanio vya duara vyenye tundu la skrubu. Usizisokote kwa mkono, na upande wa betri ufunge mahali pamoja na waya mkubwa wa athi unaokwenda kwenye chesi. Na wakati paneli bado iko nje, piga msasa athi za taa za dashibodi pia, kwa maana chumvi iliyofika kwenye stebilaiza imefika na huko.